Dawa ya Mtu Asiye Mgonjwa

Juzi ofisini, saa ya chai, mwenzangu wa meza ya pili alifungua kipakiti, akamimina unga wa kahawia kwenye maji moto na kuanza kukoroga. Harufu ilinifikia kabla hajamaliza: udongo uliolowa, karafuu, na uchungu fulani unaokaa nyuma ya koo. "Ni ya miti shamba," akaniambia kwa ukarimu. "Siumwi popote, lakini inanichangamsha. Nikuwekee kidogo?" Nikasema hapana, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji mpaka chai yangu ikapoa mkononi. Alinifuata kuniuliza kama amenikosea. Maskini, yeye hakunikosea. Walionikosea ni wengine, na wote ni watu wangu.

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, wa madarasa ya chini, huko kwetu Muthara, Meru, ambako mashamba ya miraa yanaanzia nyuma tu ya maduka. Mama alikuwa mtu wa Embu. Baba alikuwa akipita huko na magari ya miraa wakati wa ujana wake, wakajuana, akamleta nyumbani. Lugha zetu ni ndugu lakini si mapacha, na kila mama alipofungua mdomo palikuwa na mtu wa kucheka. Nyanya, mama yake baba, ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa akimwiga mbele ya wageni, neno kwa neno, na wageni wanashika mbavu. Sidhani alikuwa na nia mbaya mwanzoni, lakini mzaha wa kila siku si mzaha tena. Mama akaanza kupunguza maneno. Kufikia wakati ninaoukumbuka mimi, alikuwa amebaki na yale ya lazima: njoo ule, funga mlango, leta kuni.

Hakuwa mgonjwa. Nataka hilo lieleweke vizuri. Alilima, alibeba maji, alifua, alipanda mahindi na kuyapalilia, halafu akimaliza aliketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni akitazama upande barabara inakoteremkia. Baba alimpeleka zahanati. Muuguzi akampima damu, akampima presha, akamwambia baba, "Mzee, huyu mama ana afya kukushinda wewe." Baba alirudi nyumbani amekasirika kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiyetoa maziwa. "Kama hana ugonjwa, mbona hacheki?" akamwuliza nyanya. Nyanya akasema wanawake wa huko chini ndivyo walivyo.

Mimi nilitaka kitu kimoja duniani, mama acheke. Niliiga sauti ya chifu akihutubia baraza. Niliiga kuku wetu mwekundu akitafuta mahali pa kutaga. Nilianguka makusudi nikiwa na ndoo tupu. Mama alinitazama, midomo ikajikunja kidogo upande mmoja, akaniambia niache kuharibu ndoo.

Ndipo akaja Anti Nkatha. Huyu alikuwa dada yake baba, anaishi Kinoru, Meru mjini, na tulimwogopa na kumpenda kwa kiasi sawa kwa sababu alikuja na mkate na kelele. Safari hiyo alikuja amevaa koti la ofisini juu ya gauni la maua, na mkoba uliojaa makopo. Alikuwa amejiunga na kikundi cha kuuza dawa za miti shamba zilizokaushwa na kusagwa. Aliongea kama mhubiri. "Dawa za hospitali ni za wagonjwa," alimwambia mama. "Hii ni ya mtu mzima kama wewe na mimi, mwenye afya zake, ila moyo umelala. Inauamsha."

Mama alitazama kopo, akaligeuza. "Mgonjwa ndiye haulizwi uji," akasema polepole. "Mimi si mgonjwa, kwa hivyo mngeniuliza."

"Si ndio tunakuuliza, Mama Kendi? Jaribu tu. Ukiona haikufai, nitainywa mimi."

Baba akakohoa. Nyanya akasema unga ni unga, hautamuua mtu. Na mama, ambaye alikuwa amechoka kubishana kwa lugha ya watu, akasema sawa.

Anti akanigeukia mimi. Akaniambia kuanzia siku hiyo nitakuwa daktari wa mama. Kazi yangu ingekuwa kutia kijiko kimoja cha unga ule kwenye uji wake wa wimbi kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nikoroge mpaka usionekane, nimpelekee. Na nisisahau kuonja. Kwetu, anayempa mtu kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yake, ndipo anamkabidhi kwa mikono miwili. Ni desturi ya tangu zamani, ya kuonyesha kwamba hakuna sumu, na haijalishi kama unayempa ni mgeni au ni aliyekuzaa. Hakuna kazi niliyowahi kupewa, hata hii ninayolipwa mshahara sasa, iliyonifanya nitembee nimeinua shingo vile.

Uji ulikuwa mchungu ajabu. Nilifumba macho, nikaonja, nikampa. Mama alinipokea kikombe cha bati, akasema anakwenda kuota jua nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi.

Kwa muda hakuna kilichobadilika, nikaanza kumtilia Anti shaka. Halafu asubuhi moja nikiwa nafunga kamba za viatu nikasikia mtu anaimba kule kwenye migomba. Nilidhani ni jirani. Alikuwa mama, anaimba wimbo wa kwao, kwa Kiembu, bila kupunguza sauti. Alirudi na kikombe kitupu, akanipiga kofi dogo la mgongo, akaniuliza kama leo siendi shule. Nilikimbia njia nzima.

Msimu ule sijawahi kupata mwingine kama huo. Mama alicheka. Nyanya alipomwiga, mama alimjibu kwa Kiembu chake kizito zaidi, tena kwa makusudi, na nyanya mwenyewe akajikuta anacheka bila ubaya. Aliniweka katikati ya magoti yake akanisuka, halafu akanipa kioo na kunifundisha kujisuka mwenyewe. Alinifundisha kupika githeri ya mahindi na maharagwe bila kuiunguza, kufua sare na kuianika ndani nje ili isipauke, kuuwasha moto kwa kuni mbichi, kumpima mtu asemaye uongo kwa kumtazama mikono. Baba akirudi kutoka shambani tulikuwa jikoni wawili, moshi umetujaa machoni, tunacheka jambo ambalo hata hatukuweza kumweleza. Na mimi pia nilichangamka. Walimu waliniuliza nimekula nini. Nilijua jibu, ila niliona ni siri ya kidaktari. Kwa akili zangu za utoto niliamini kwamba mahali fulani Meru mjini pana kinu kinachosaga kicheko kama mashine ya posho ya kwetu inavyosaga mahindi, na kwamba kile ninachoonja kila asubuhi kimeniingia na mimi.

Anti aliposikia habari hizo hakukaa na furaha yake peke yake. Alileta wanawake. Waliketi uani kwetu kwenye mabenchi ya kuazima kanisani, na Anti akamsimamisha mama. "Mwoneni mke wa kaka yangu. Mnakumbuka alivyokuwa?" Wote walikumbuka. Mama akafunga leso yake vizuri, akasema, "Nilikuwa nimelala. Sasa nimeamka." Wanawake wakapiga makofi, makopo yakatoka mkobani. Mimi nilisimama pembeni nikiwa nimeshika kijiko chetu ili wanione. Baba alikuwa kwenye kivuli cha nyumba akipanga miraa na kuifunga kwa majani ya mgomba, ameinamisha kichwa. Nilidhani anaona haya kufurahi mbele ya watu.

Siku aliyoondoka mama ilikuwa siku ya shule kama nyingine. Nilionja, nikampa, akaenda nyuma, akarudi. Aliniangalia sana, akanirekebisha kola ambayo ilikuwa imekaa sawa. Jioni nilikuta mlango wa jikoni umefungwa kwa nje. Nyanya alikuwa anachambua maharagwe. Akaniambia mama ameenda kwao kusalimia. Nikaingia, nikalichungulia kopo, nikaona limebaki vumbi tu chini. Nikafikiri, basi ndiyo maana, amefuata lingine.

Kwetu mwanamume ambaye mkewe amerudi kwa wazazi wake hakai hivi hivi. Huchagua miraa bora ya shamba, ikafungwa kwa ustadi, ikapelekwa na wazee kwenda kuomba radhi. Nilisubiri nione baba akichagua. Hakuchagua. Miraa yote nzuri ilipakiwa kwenye pikapu ya sokoni kama kawaida. Nililielewa jambo hilo kwa namna yangu: hakuna ugomvi, kwa hivyo hakuna radhi ya kuombwa, kwa hivyo mama yuko njiani.

Wakaja wale wanawake. Hawakuja kwa vurugu, walikuja tu na makopo yao vikapuni, Anti akiwa ameitwa kutoka Kinoru. Mmoja wao, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliuliza lile ambalo wote walitaka kuuliza. "Nkatha, huyu aliyekuwa amepona ameenda wapi? Mimi ninakunywa hii ili nipende boma langu. Yeye amekunywa akaliacha boma."

Anti namkumbuka vizuri, koti lile lile la ofisini, jasho juu ya mdomo. Macho yake yakazunguka uani yakatua kwangu.

"Dawa haikushindwa," akasema. "Kopo liliisha kabla ya wakati wake, ndipo moyo ukalala tena. Dawa hii ukiikatiza katikati inakurudisha nyuma. Na liliisha kwa sababu kuna mtu alikuwa anaionja kila siku."

Wote wakanitazama. Hawakunitukana. Yule jirani hata alisema, "Aa, ni mtoto tu." Lakini walikuwa wamepata jibu lao, na uso wa mtu aliyepata jibu unalegea. Nilimtazama baba. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno, mikono yake ikikaza jani la mgomba kwenye kifungu. Nilingoja aseme kitu. Alikaza jani, akakata ncha kwa meno, akachukua kifungu kingine.

Huo ndio wakati ninaoukumbuka ninaposikia watu wakisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wanafikiri ni methali ya majirani na marafiki. Mimi nikiisikia naona mikono ya baba na majani ya mgomba.

Basi nikaanza kutengeneza dawa. Nani mwingine angetengeneza? Nilichuma majani ya mwarubaini kwa mwalimu mkuu, nikachimba mizizi niliyoijua na nisiyoijua, nikaiba karafuu za nyanya, nikakausha vyote juu ya bati na kusaga kwenye jiwe. Nilinusa, nikaongeza udongo, nikanusa tena. Iliposhabihiana na ile ya kopo nilifunga kwenye karatasi ya nailoni nikampelekea dereva mmoja wa pikapu za miraa, mtu wa Maua, mpole, aliyekuwa akisali kando ya gari lake kabla ya kung'oa nanga. Pikapu zile hupita Embu zikienda Nairobi, nazo hazisimami kwa ajili ya mtu, kwa sababu miraa ikinyauka imeharibika. Nilimwambia ni dawa ya mama yangu, yuko Embu. Akauliza Embu wapi. Nikasema, "Embu tu." Akauchukua ule mfuko, akauweka juu ya dashibodi kwa heshima, akaniambia, "Inshallah, binti." Alijua fika kwamba haiwezekani. Hata hivyo kati ya watu wazima wa wakati ule, huyo ndiye pekee nisiyemdai kitu.

Kwa miaka mingi sikuonja kinywaji ninachompa mtu. Ukinipa chai nitaipokea, lakini mimi nikikupa, onja mwenyewe. Nyumbani walisema nimekosa adabu za Kimeru. Mume wangu alipokuja kunichumbia, nilimpa uji mbele ya wazee bila kuonja, na nusura ndoa iishie hapo. Sikueleza sababu. Ningeelezaje? Kwamba nilionja kidogo kidogo mpaka nikaimaliza furaha ya mama yangu?

Mama nilimpata nikiwa tayari nimeajiriwa. Mjomba, kaka yake, ndiye aliyenipa namba, bila shida yoyote, akishangaa kwamba sikuwa nayo. Alikuwa Embu mjini, mtaa wa Dallas, ana kibanda cha ushonaji mbele na chumba nyuma. Nilifika mchana. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliinuka, akanishika uso, akalia, nami nikalia, na hayo ni ya kwetu wawili. Kisha akachemsha chai.

Nilimwuliza kuhusu dawa. Nilikuwa nimekwenda na maswali mengi, lakini hilo ndilo lililotoka.

"Ile takataka?" akasema. "Niliinywa mara ya kwanza na ya pili, ikanikata tumbo. Baada ya hapo nilikuwa naimwagia migomba. Sikutaka kukuvunja moyo, ulikuwa unaikoroga kwa bidii."

"Na ile furaha?"

Akaifuta miwani kwa ncha ya leso. "Mjomba wako alikuwa amenitafutia chumba. Na cherehani ya kuanzia. Nilipojua naondoka, kila kitu kikawa chepesi. Hata nyanya yako sikumchukia tena. Mtu akishajua siku ya kutoka jela, hata askari humwona ni binadamu."

"Baba alijua?"

"Tulikubaliana. Alisema tu nisimwambie mtu, asichekwe. Dada yake ndiye hakujua, yeye aliiamini dawa yake mpaka nilipoondoka."

Nilimweleza basi aliyoyasema Anti mbele ya wanawake, na jinsi baba alivyonyamaza. Alinisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Hakuwa amejua. Namwamini. Akasema angejua angerudi awararue wote wawili. Labda. Watu husema hivyo.

Sijui kama miti ile inaweza kumfurahisha mtu mzima asiye na ugonjwa. Mimi si daktari, ingawa nilipewa kazi hiyo. Mwenzangu wa ofisini anasema inamsaidia, na sina sababu ya kumbishia. Ninachojua ni kwamba boma zima lilikubali kusema kwamba mpango wa mtu wa kuondoka ni kupona, kwa kuwa kopo lilikuwepo mezani, na kopo halina kinywa cha kukana. Baba alificha aibu yake nyuma ya kopo hilo. Anti akaficha biashara yake. Nami nikawekwa mbele yao wote.

Siku ile kibandani kwa mama nilikuwa bado na swali moja. Nilisubiri mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za watoto wake aondoke.

"Mbona hukunichukua?"

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amelingojea siku zote hizo. Alisema chumba kilikuwa kidogo, alisema mtoto ni wa ukoo wa baba yake, wazee wangemfuata. Nikamwambia hayo ninayafahamu, ninauliza aliwezaje. Akakunja tepu yake na kuikunjua.

"Nilikuwa nimejaribu kuondoka kabla ya hapo," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto wa kulia. Nikishika mfuko tu unalia, unanishika gauni, narudi ndani. Nisingeweza kukuacha vile. Lakini siku zile za mwisho nilikutazama, ukawa umechangamka. Unaimba, unacheka, unaruka kwenda shule. Nikasema, Kendi wangu amepata furaha yake, huyu ataweza bila mimi. Ndipo nikapata nguvu."

Chai ilikuwa imeota utando. Nje mtu alikuwa akiita kuuza ndizi.

"Mama," nikamwambia, "nilikuwa nacheka kwa sababu wewe ulikuwa unacheka."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akavua miwani akaiweka juu ya cherehani.

Nami sikumsaidia. Nilikaa pale nikifikiria asubuhi zile zote nilizotoka mbio kwenda shule nikiimba, na yeye amesimama mlangoni ananipima kama nimeiva vya kutosha kuachwa. Hakuna mtu aliyeniambia. Ningejua kwamba machozi yangu ndiyo yaliyokuwa yakimshika gauni, ningelia kila siku.